UZI: Picha za Tingatinga pale Morogoro Stores zinauzwa dunia nzima, sisi majirani wa Msasani tunazipita tu

Habari zenu wakuu, mnaochangia na mnaosoma kimyakimya.

Nimeona mara nyingi humu watu wakiandika kwamba Dar ni mji wa muziki na mpira, sanaa nyingine tumewaachia Zanzibar na Bagamoyo. Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu mimi nakula kwa hiyo sanaa nyingine. Ni fundi wa fremu za picha, niko Msasani, na kazi nyingi zinazopita mikononi mwangu ni Tingatinga, zile picha za wanyama za rangi za kung'aa, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga. Naomba nieleze biashara hii inavyokwenda: ilikoanzia, picha inavyochorwa, nani anamlipa nani, na kwa nini naamini inachokikosa zaidi kwa sasa ni wateja wa mtaani kwetu. Uzi ni mrefu, chukueni chai.

Kwa wasiopajua, Morogoro Stores ipo Oysterbay, barabara ya Haile Selassie. Ukifika hapo hakuna wa kukuuliza unamtaka nani. Picha zimening'inizwa kuanzia nje, wachoraji wamekaa chini au kwenye vigoda wanafanya kazi, makopo ya rangi yamewazunguka, na harufu ya rangi ya mafuta unaikuta kabla hujamsalimia mtu.

Kisa cha mahali hapa kinaanza na jinsi mji ulivyogawanywa. Waingereza waliipanga Oysterbay iwe Uzunguni, mbali na Uhindini ya katikati ya mji na Uswahilini ya Kariakoo na Ilala. Jirani yake, Msasani, kilikuwa kijiji cha wavuvi. Kila asubuhi watu wa huku walitembea kwenda kwenye majumba yale kupika, kufua, kukata majani na kulinda. Baada ya uhuru wa 1961 wenye nyumba walibadilika, wakaja mabalozi, wataalamu wa kigeni na viongozi wetu wenyewe, lakini safari ya asubuhi ilibaki ile ile. Na penye nyumba za watu wenye hela, pembeni patakuwa na genge la mboga na matunda. Ndiyo Morogoro Stores hiyo.

Edward Saidi Tingatinga alikuwa mmoja wa watu wa safari hiyo. Alizaliwa 1932 Namochelia, Tunduru. Akaenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar kumfuata ndugu yake aliyekuwa mpishi wa Mzungu. Alifanya kazi za ndani na bustani, akauza mboga na matunda, akapaka rangi majengo, baadaye akapata ajira Muhimbili. Mwaka 1968 hivi ndipo alipoanza kuchora, akitumia vilivyokuwa karibu: vipande vya hadibodi za dari na rangi za kopo za kung'aa, zile zile za kupaka milango na baiskeli. Mkewe, Agatha, akawa anakaa na picha pale Morogoro Stores akiziuza.

Wengi mnamsifu kwa wanyama wake. Mimi namsifu pia kwa akili yake ya biashara. Wazee husimulia kwamba alikuwa ameona picha kutoka Kongo zikichuuzwa mjini na wageni wakizinunua, akajisemea kwamba hata yeye anaweza. Hakusubiri afadhiliwe wala apelekwe shule ya sanaa. Alipachagua mahali ambapo mteja anapita kila siku kununua nyanya, akatumia mali ghafi ya bei nafuu, akachora kitu ambacho mgeni anakitambua akiwa mbali: tembo mmoja, chui mmoja, ndege mmoja, mkubwa, amejaa ubao wote, nyuma yake rangi moja au mbili tu. Ziangalieni picha zake za mwanzo, hazina msongamano hata kidogo.

Zilipoanza kutoka, akawaita ndugu na jamaa awafundishe. Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde. Kisha mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliodhani ni mhalifu anayetoroka. Alikuwa na miaka 40 tu, na kuchora alikuwa amechora kama miaka minne.

Biashara nyingi za mtu mmoja huzikwa na mwenyewe. Hii haikuzikwa, kwa sababu ufundi ulikuwa umeshagawanywa kwa watu, na genge lilikuwa bado lipo. Wanafunzi walibaki pale pale, wakawafundisha wadogo zao na watoto wa shangazi na majirani, wakaanza kufanya kazi kwa pamoja, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika kinachojulikana mpaka leo kama Tingatinga Arts Cooperative Society. Simon Mpata yeye alikwenda Kenya, na jina lake leo lipo kwenye hoteli ya kitalii kule Maasai Mara. Huko Japani picha hizi zina wapenzi wake kabisa, hufanyiwa maonesho, watu wanajua majina ya wachoraji. Hapa Msasani muulize kijana wa bodaboda anayepita pale kila siku akutajie mchoraji mmoja. Sasa, simlaumu yeye. Nani amemwambia?

Niwaeleze kidogo picha inavyotengenezwa, maana watu wanadhani ni kupaka paka.

Zamani ilikuwa hadibodi. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 ukiikata vizuri inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, bila kutupa kitu, na ndiyo maana picha nyingi za zamani ni za mraba wa kipimo hicho. Siku hizi wengi wanatumia kitambaa kizito cha pamba, kwa sababu mteja anataka kukunja picha aingie nayo kwenye ndege. Kitambaa kinawambwa kwenye fremu ya mbao, kinapakwa rangi ya maji ya ukutani mara mbili au tatu kuziba matundu, kinapigwa msasa. Kisha mchoraji anapaka rangi ya nyuma, mara nyingi inayobadilika taratibu, kwa mfano njano juu ikishuka kuwa nyekundu kama machweo, na hapo ndipo utamjua mwenye mkono. Rangi ya mafuta inakauka juu upesi, kwa hiyo ana muda mfupi wa kuzichanganya mpaka mstari wa makutano upotee. Akichelewa inabaki michirizi. Wengine huifuta na kitambaa laini, wengine hutumia brashi kavu pana. Inaanikwa juani.

Ikikauka, ndipo mnyama anaingia, umbo zima kwa rangi moja. Inaanikwa tena. Baada ya hapo madoa, manyoya, macho, majani ya pembeni. Doa la chui wa Tingatinga si nukta moja. Ni tabaka: nyeusi chini, kahawia juu yake, pengine njano katikati, na kila tabaka lisubiri la chini yake likauke. Anayekimbiza kazi utaona madoa yamevujiana. Mwenye subira, doa linasimama kama limebandikwa, ukipitisha kidole unalihisi.

Masika basi ndiyo balaa. Unyevu unafanya rangi isikauke, picha zikigusana zinashikana, na ndiyo miezi ambayo watalii nao ni wachache. Machi mpaka Mei wachoraji wengi wanaishi kwa akiba, au kwa oda za watu wa hapa hapa kama zipo. Wageni wanarudi kuanzia Juni mpaka Oktoba, halafu tena Desemba. Kwa hiyo biashara nzima inategemea kalenda ya likizo za Ulaya na Marekani. Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, tuliona maana yake. Watu walikaa na picha ukutani mpaka vumbi likashika. Wapo waliorudi kwenye kupaka rangi nyumba, wapo waliorudi Tunduru na Masasi kulima.

Tuje kwenye pesa, maana humu najua ndiko mnakotaka.

Mchoraji aliye ndani ya ushirika anaweka picha zake dukani, ikiuzwa chama kinachukua sehemu yake ya kuendeshea mambo, yeye anapata iliyobaki. Huyo ana nafuu, ana jina, mteja anaweza kumkuta amekaa. Lakini wachoraji ni wengi kuliko nafasi zilizopo. Walio nje wanachorea nyumbani, Msasani, Mwananyamala, Tandale, kokote, halafu wanauza kwa jumla: kwa wenye maduka ya zawadi, kwa wachuuzi wa Slipway, kwa wanaopeleka Mji Mkongwe na Arusha. Bei ya jumla ni ndogo. Ili utoke inabidi uchore nyingi, na ili uchore nyingi inabidi urudie ile ile. Twiga watatu chini ya Mlima Kilimanjaro, Wamasai warefu wembamba, tembo na mwezi. Mtu anasimamisha vitambaa kumi ukutani, anapita na rangi nyekundu kwenye vyote, anarudi na nyeusi kwenye vyote. Mkono wake ni mzuri, namfahamu, lakini bei ndiyo inayomwamulia achore nini.

Katikati yao kuna mawinga. Dereva wa teksi, muongoza watalii, kijana wa mapokezi hotelini, kila anayemleta mgeni anategemea chochote. Sina ugomvi na mawinga, wanafanya kazi, bila wao mgeni angeishia kwenye bwawa la hoteli. Ila ukijumlisha sehemu ya winga, ya duka, ya rangi na kitambaa, na ya fundi wa fremu kama mimi, aliyekaa chini na brashi ndiye anayebaki na kidogo.

Halafu kuna mali kauli, ugonjwa mkubwa kuliko yote. Mwenye nyumba ya wageni anakuja, anachukua picha kadhaa, anasema atalipa wageni wakizinunua. Zinakaa kwenye kuta zake miezi na miezi, zinapendezesha chumba chake, zinamwingizia wateja, na siku ukienda kuulizia unaambiwa meneja amesafiri. Kuna sehemu moja, sitaitaja, mimi na mchoraji mwenzangu tulipeleka kazi zikiwa na fremu za mninga kabisa. Pesa hatukuiona. Picha nazo ziliporudi zilikuwa zimepauka kwa jua la dirishani. Kijana yule alikuwa ametegemea hela ile kwa ada ya mtoto.

Nije kwenye neno langu sasa.

Tembeeni Msasani, Masaki, Mikocheni mhesabu majengo mapya. Migahawa, saluni, zahanati za meno, ofisi za mawakili, nyumba za kupangisha kwa siku, shule za chekechea. Kila moja ina kuta, na kila mwenye kuta anataka kitu ukutani. Ingieni mtazame wameweka nini. Daraja la New York usiku. Maua ya tulipu. Kikombe cha kahawa kilichopigwa picha, chini yake maneno ya Kiingereza. Vimechapwa kiwandani, vimekuja kwa kontena, vimenunuliwa Kariakoo. Mimi nimeletewa picha za namna hiyo nizitengenezee fremu, na mwenye nazo ukimuuliza kwa nini hakuvuka barabara akanunua kwa mchoraji, anajibu kwamba zile ni za Wazungu, bei yake kubwa.

Si kweli, wakuu. Picha ndogo ya kuweka juu ya meza mtu wa mshahara wa kawaida anaimudu bila kukopa. Ya kati, ya sebuleni, ukiilinganisha na ile iliyochapwa pamoja na kioo chake na usafiri, tofauti si ya kutisha, na wakati mwingine ya mkono ndiyo nafuu. Ila mtu haulizi, anaogopa mlangoni. Amezoea kuona magari ya ubalozi yameegeshwa pale, anajiona hapamhusu. Na mchoraji naye, tuseme ukweli, akimwona Mswahili mwenzake anaingia haamki haraka kama anavyoamka kwa mgeni. Hilo nalo lirekebishwe, na nimewaambia ana kwa ana.

Fikirieni kila mgahawa mpya wa ukanda huu ungekuwa unaagiza picha zake Machi, wakati wa masika, kwa malipo ya nusu mkononi na nusu kazi ikikamilika. Mchoraji angekuwa na kazi ya mwezi mzima bila mtalii hata mmoja. Na kwa kuwa mteja ni wa hapa, angeagiza vitu vya hapa. Mama lishe na masufuria yake. Coco Beach Jumapili jioni, mihogo kwenye karai, watoto wanaogelea na nguo. Soko la samaki Msasani, mashua zimeinama. Vijana hawa wanaweza kuvichora vyote hivyo. Picha za hospitali, za stendi, za soko lenye watu mia, kila mmoja na shughuli yake, zipo katika mtindo huu tangu zamani, na kwangu mimi ndizo tamu kuliko tembo. Zinatoka chache kwa sababu zinachukua muda mrefu na mtalii anataka mnyama.

Nimeishia hapo kwa sasa, karibuni kwa maswali.

—

Nimerudi wakuu. Nashukuru kwa michango, najibu kwa kadiri nilivyoelewa.

"Mkuu, picha zote zinafanana, huo si wizi wa kazi ya marehemu?"

Hapana. Yeye mwenyewe aliwafundisha wachore kama anavyochora, ndivyo mafunzo ya mikono yanavyokwenda kwetu, kuanzia uchongaji mpaka ususi. Na kisheria, mtindo haumilikiwi na mtu. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi yenyewe, ile picha uliyoichora, si wazo la kuchora chui mwenye madoa. Kwa hiyo mtu akichora chui wake kwa mtindo ule hajaiba. Akiipiga picha ya mwenzake na kuichapa kwenye fulana au vikombe bila ruhusa, hapo ameiba, na pa kwenda ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Tatizo ni kwamba wachoraji wengi hawajasajili kazi zao wala hawana hata picha ya simu ya kazi waliyoiuza, watathibitisha kwa lipi? Ninamshauri kila anayekuja kwangu: kabla hujaiuza ipige picha, andika tarehe, andika nyuma ya kitambaa jina lako na kichwa cha picha. Hilo halina gharama.

Aliyegusia katuni ya watoto iliyotengenezwa Nairobi na kuoneshwa na BBC mwaka 2010, ni kweli ilitumia mtindo huu huu. Iliitangaza Tingatinga kwa watoto wa nchi ambazo hata hawajui Dar iko wapi. Mimi swali langu ni la kwetu: kwa nini studio za hapa, zenye wachoraji wenyewe barabara ya pili, hazijawaketisha chini wakafanya kitu kama hicho?

"Nitajuaje kama ni orijino nisiuziwe iliyochapwa?"

Igeuze. Rangi ya mafuta huwa inapenya kidogo nyuma ya kitambaa au inaacha kivuli, na pembeni utaona pale brashi ilipoishia bila mpangilio. Ipeleke kwenye mwanga kwa upande, rangi ya mkono ina vilima na mabonde, iliyochapwa ni tambarare. Pitisha kidole kwenye madoa. Kuhusu sahihi, kuwa makini zaidi. Ukikuta picha mpya mbichi ina jina la mzee aliyefariki zamani, usinunue, na mwambie muuzaji kwa adabu kwamba umeelewa. Ila njia bora kuliko zote ni kununua kwa mchoraji aliyekaa mbele yako. Muulize alijifunza kwa nani. Wengi watakutajia mnyororo mzima mpaka kwa mmoja wa wale wanafunzi sita wa mwanzo wa Tingatinga, na hiyo nayo ni sehemu ya thamani ya picha yako.

"Mbona umeisahau Mwenge, au kwa kuwa wewe ni wa Msasani?"

Sijaisahau, kaka, ila mkono wangu uko kwenye picha, na Mwenge ni nyumba ya vinyago. Inahitaji uzi wake. Niseme mawili tu. Wamakonde waliotoka kusini na ng'ambo ya Ruvuma ndio waliouleta mjini uchongaji ule wa mpingo, vinyago vya ujamaa vyenye watu waliopandana na vya mashetani yenye maumbo ya ajabu, na ukitaka kuona mtu anachonga huku unanunua, Mwenge bado ni mahali pake. La pili ni kuhusu mpingo wenyewe, kwa sababu kuna mdau ameandika kwamba mgeni akikamatwa na kinyago uwanja wa ndege anaozea ndani. Jamii yote ya miti ya mpingo iliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2017, kweli, na biashara ikaingia baridi. Lakini mwaka 2019 masharti yalilegezwa, bidhaa iliyokamilika yenye mbao zisizozidi kilo 10 kwa mzigo haihitaji kibali cha CITES. Kinyago cha mkononi kinapita. Sanamu ya kimo cha mtu ni habari nyingine, fuata taratibu za maliasili kabla ya kulipa.

Dada aliyetaja Nyumba ya Sanaa umenikumbusha mbali. George Lilanga, ambaye mashetani yake ya rangi yamefika kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya, alipata nafasi yake pale. Jengo halipo tena. Mahali pa katikati ya mji ambapo msanii angeweza kukaa, kufanya kazi na kuuza pameondoka, na hapajapatikana pengine pa kuziba nafasi hiyo pale pale mjini. Kwa vijana wa sanaa za kisasa kuna Nafasi Art Space, Mikocheni, tangu 2008, wasanii wana studio ndani ya makontena, kuna maonesho na mafunzo, na unaruhusiwa kuingia hata kama huna hela ya kununua. Peleka watoto siku ya mapumziko. Wachoraji wa Tingatinga na wale wa Nafasi wangekutana zaidi ingependeza sana, kila upande una kitu ambacho mwenzake hana: hawa wana wateja na mkono uliozoea kazi, wale wana lugha ya kujieleza, mitandao, na ujasiri wa kujaribu vitu vipya.

"Niko Muscat, nataka mbili za sebuleni. Naogopa zitafika zimepasuka."

Hazitapasuka zikifungwa vizuri. Agiza zisiwambwe, zije zimeviringishwa. Sharti la kwanza, ziwe zimekauka sawasawa, si za jana. Rangi ya mafuta inaweza kuonekana kavu juu kumbe ndani bado laini, ukiiviringisha inashikana na ukiifungua inabanduka. Mwambie mchoraji akupe muda, usimkimbize. Sharti la pili, iviringishwe upande wenye rangi ukiwa nje. Watu hufanya kinyume wakidhani wanaikinga, na ndiko kunakoifanya ijikunje na kupata nyufa. Katikati iwekwe karatasi laini, si gazeti, wino wa gazeti unahamia. Iviringishwe juu ya bomba nene, isibanwe, kisha iingizwe kwenye bomba lingine kubwa zaidi. Ikifika, itandaze kwenye meza siku nzima kabla fundi wa huko hajaiwamba. Na umwambie fundi aache inchi mbili za kitambaa pembeni za kukunjia nyuma, kwa hiyo unapoagiza kipimo, sema kipimo cha picha yenyewe halafu uongeze kitambaa kitupu pande zote. Hili wengi wanalisahau, fundi analazimika kumkunja tembo mgongo.

Pia usiitundike inapopigwa na jua la dirishani moja kwa moja. Nyekundu ndiyo huanza kuondoka.

"Mimi nina mgahawa Mikocheni, nifanyeje, niende tu pale nianze kuagiza?"

Ndiyo, mkuu, na umenifurahisha. Nenda siku ya kazi, asubuhi, uwe umepima kuta zako. Zunguka, tazama picha bila kuuliza bei kwanza, mpaka upate mkono unaoupenda, maana humo humo kuna wa rangi kali na wa rangi tulivu, kuna wa madoa na wa maumbo mapana. Kaa naye. Mwambie mgahawa wako unauza nini, wateja wako ni nani, na unataka kuona nini ukutani. Mpe nafasi akuchoree kwa penseli kwenye karatasi kabla hajaanza. Kubalianeni bei, nusu ya kwanza mlipe siku hiyo hiyo ili anunue rangi na kitambaa bila kukopa, andikianeni hata kwenye meseji ya simu: vipimo, idadi, tarehe. Kwa masika ongeza muda. Usimbane ashuke mpaka chini kabisa. Punguzo utakalolipata utalikuta kwenye madoa.

Na uweke kibao kidogo chini ya kila picha, jina la mchoraji na namba yake kama ameridhia. Mteja wako anayekula samaki akiipenda picha, anajua pa kwenda.

"Mtoto wangu amemaliza la saba, anachora sana. Wanapokea wanafunzi?"

Wanapokea, mama, ila hakuna fomu wala muhula. Nenda naye mwenyewe, ongea na mchoraji mmoja mtu mzima, anayeheshimika. Mwanzo atatumwa: kuosha brashi, kupiga msasa, kupaka rangi ya ukutani kwenye vitambaa, kuanika na kuanua mvua ikitishia. Asikate tamaa hapo, maana anajifunza rangi inavyokaa. Kisha atapewa kujaza majani na nyasi za pembeni, halafu madoa, na mnyama mzima atampata mkono ukitulia. Kama anaendelea na sekondari, aende jioni na likizo, shule asiache, awe anajua kuandika ankara yake na kujieleza kwa mteja. Muulize mapema huyo mchoraji anayemfundisha kuhusu malipo, kazi ikianza kuuzwa mtoto anapata nini, msikubaliane kwa kudhania.

Kama mko karibu, mleteni kwanza kwangu Jumamosi aone kitambaa kinavyowambwa. Nitumieni ujumbe faragha niwaelekeze.